Spredi ya pointi: namna ya kuisoma namba kabla hujaweka dau

Tarehe 14 Januari 2018, jijini Minneapolis, mechi ya mtoano ya NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, ilikuwa imebakiza sekunde 10 na wenyeji Minnesota Vikings walikuwa nyuma kwa 23-24 mbele ya New Orleans Saints. Case Keenum akarusha mpira mrefu kuelekea pembeni mwa uwanja. Stefon Diggs akaruka, akaudaka, beki aliyekuja kumwangusha akapita chini bila kumgusa, na Diggs akakimbia peke yake mpaka mwisho wa uwanja. Pointi 6. Ubao ukasoma 29-24, muda umekwisha, uwanja mzima unapiga kelele.

Kikabaki kitu kimoja. Kanuni ya wakati huo ilitaka timu iliyofunga ijaribu pointi ya nyongeza, kwa kawaida kwa kupiga teke, hata kama mshindi ameshajulikana. Ikabidi watu waliokuwa wakishangilia waondolewe uwanjani na wachezaji wachache wa Saints waitwe warudi. Vikings hawakupiga teke. Keenum alipokea mpira, akapiga goti bila kuitafuta pointi, mchezo ukaishia 29-24.

Kwa shabiki wa kawaida goti lile halikuwa na maana yoyote. Kwa mwenye tiketi ya Vikings -5.5 lilikuwa ndilo tukio zima: timu yake imeshinda kwa 5, yeye alihitaji 6, pesa imekwenda. Mwaka huohuo NFL ilifuta kanuni hiyo, na sasa mechi iliyoamuliwa kwa namna ile huishia palepale.

Ukishaona jinsi timu inavyoweza kushinda na tiketi yake ikachanika, nusu ya spredi, yaani dau la tofauti ya pointi, umeielewa. Nusu iliyobaki ni hesabu, na hesabu yenyewe ni ya kujumlisha na kutoa.

Hatua ya 1: Acha kuuliza nani atashinda

Wengi wetu tumelelewa na 1X2: nyumbani, droo, ugenini. Mfumo huo unafaa soka kwa sababu mabao ni machache na droo ni nyingi. Mpira wa kikapu na futiboli ya Kimarekani haviko hivyo. Pointi ni nyingi, droo ni nadra au haipo kabisa, na timu kubwa ikikutana na timu mbovu odi ya mshindi inashuka mpaka 1.08. Unaweka shilingi 10,000 ili upate faida ya 800. Huko hakuna anayefurahi, si mteja wala kampuni.

Anayetajwa mara nyingi kuwa ndiye aliyeipatia dawa hali hiyo ni Charles McNeil, mwalimu wa hesabu aliyegeuka kuwa mcheza kamari na kisha mpokea madau huko Chicago, miaka ya 1940. Wazo lake ni hili: usimuulize mteja timu ipi itashinda, muulize kama itashinda kwa tofauti kubwa kuliko namba fulani. Mara moja mechi iliyokuwa haina mvuto inakuwa na pande mbili zinazokaribia kulingana, na odi za pande zote zinarudi karibu na 1.90.

Kwa hiyo mbele ya spredi, kusema "Celtics ni wakali" kwenye kikapu si hoja. Kila mtu anajua ni wakali, na ukali huo umeshaingizwa kwenye namba. Swali ni kama ni wakali kuliko namba inavyosema.

Hatua ya 2: Soma alama ya kutoa na ya kujumlisha

Tuseme unaona hivi:

Boston Celtics -6.5 (1.91)
Charlotte Hornets +6.5 (1.91)

Alama ya kutoa iko kwa timu inayopewa nafasi, na alama ya kujumlisha iko kwa isiyopewa. Mechi ikiisha, chukua pointi za timu uliyoichagua, ongeza au punguza namba yako, kisha linganisha na za mpinzani. Celtics wakishinda 112-104, unapunguza 6.5 unabaki na 105.5, ambayo bado ni kubwa kuliko 104. Tiketi ya Celtics imekula, yaani imeshinda. Wakishinda 110-105, ukipunguza unabaki na 103.5 dhidi ya 105. Hapo anayelipwa ni aliyeshika Hornets, ingawa Hornets wamefungwa.

Anayeshika upande wa kujumlisha ana njia mbili za kulipwa: timu yake ifungwe kwa tofauti ndogo, au ishinde kabisa. Januari 1969, kwenye Super Bowl (fainali ya NFL) ya tatu, Baltimore Colts walipewa nafasi kwa pointi 18 dhidi ya New York Jets. Jets wakashinda 16-7. Aliyewachukua kwa +18 hakuhitaji hata moja ya zile pointi.

Jambo moja la kuangalia kabla hujaenda mbali: muda wa nyongeza. Kwa desturi, spredi ya NFL na NBA (ligi ya kikapu ya Marekani) huhesabu matokeo ya mwisho pamoja na muda wa nyongeza. Kwenye aplikesheni nyingi za huku, hata hivyo, kikapu kina masoko (aina za dau) mawili yaliyokaa jirani, moja likiwa na muda wa nyongeza na lingine likikomea kwenye robo ya nne. Majina yake yanafanana sana. Na kwenye soka, handikapu ya kawaida (ndiyo spredi ya huko) inakomea dakika 90 na zile chache za refa. Fainali ikienda dakika 120, mabao ya huko si yako.

Hatua ya 3: Fahamu kazi ya nusu pointi

Hakuna timu inayofunga nusu pointi. Ile .5 imewekwa ili lazima apatikane mshindi na mshindwa. Namba ikiwa kamili, kwa mfano -7, na timu ikashinda kwa 7 barabara, dau linarudishwa kwa kila mtu.

Fainali ya Super Bowl ya Januari 2000 iliisha hivyo. St. Louis Rams walikuwa -7 dhidi ya Tennessee Titans na walikuwa mbele 23-16. Mpira wa mwisho kabisa, Kevin Dyson wa Titans aliudaka na kunyoosha mkono kuelekea mstari, Mike Jones akamng'ang'ania miguu, akaangukia takriban yadi moja kabla ya kufika. Tofauti: 7. Wa Rams akarudishiwa, wa Titans akarudishiwa. Aliyekuwa na Rams -6.5 alikula, na aliyekuwa na Rams -7.5 alichanika. Mechi moja, timu ileile, matokeo matatu tofauti, kwa sababu ya nusu pointi huku na nusu pointi kule.

Hatua ya 4: Tazama bei, usitazame namba peke yake

Hapa ndipo wageni wengi wanapoteleza, na nakushauri ukae hapa kuliko hatua nyingine yoyote.

Wamarekani huandika bei ya spredi kama -110: weka dola 110 upate faida ya dola 100. Kwa mfumo wetu wa odi hiyo ni 1.91. Kama mechi ni nusu kwa nusu kweli, bei ya haki ingekuwa 2.00. Hiyo tofauti kati ya 1.91 na 2.00 ndiyo mshahara wa kampuni, na unakatwa kila tiketi inayoshinda bila wewe kuuona ukikatwa.

Chukua tiketi 100 za shilingi 1,000 kila moja. Umetoa 100,000. Ukipatia 50, kila moja inakurudishia 1,910, jumla 95,500. Umepatia nusu ya mechi zote na bado umepoteza 4,500. Ukipatia 52, unarudishiwa 99,320, bado uko chini. Ni mpaka 53 ndipo unaona faida, 101,230. Kwa asilimia, mstari wa kutopata wala kupoteza ni kama 52.4.

Asilimia 52.4 inaonekana ndogo. Lakini kumbuka namba imewekwa makusudi ili kila upande uwe karibu na 50, na imewekwa na watu wenye kompyuta, takwimu na wachambuzi wa kulipwa. Kuwazidi kwa asilimia hizo mbili na nukta, mwezi baada ya mwezi, ni kazi inayowashinda hata wanaoifanya kama ajira.

Sasa angalia kampuni unayoitumia. Spredi ya kikapu ikiuzwa kwa 1.85, mstari huo unapanda hadi asilimia 54. Zile tiketi 100 ukipatia 50 zinarudisha 92,500, na hata ukipatia 54 unapata 99,900, yaani umefanya kazi nzuri kuliko wengi na bado shilingi mia haionekani. Kati ya 1.91 na 1.85 macho hayaoni kitu, ila mfuko unaona.

Hatua ya 5: Ijue tabia ya mchezo wenyewe

Kwenye NFL pointi haziji moja moja. Mpira ukifikishwa mwisho wa uwanja ni 6, na teke linalofuata huongeza 1, jumla 7. Mpira ukipigwa teke ukapita kati ya milingoti ni 3. Ndiyo maana tofauti za mwisho hurundikana kwenye namba chache. Takriban mechi moja kati ya saba huisha kwa tofauti ya 3 kamili, na 7 inafuata nyuma yake. Kutoka -2.5 kwenda -3.5 ni safari ndefu sana. Kutoka -8.5 kwenda -9.5 ni hatua ndogo. Kampuni zinalijua hili, na ukiona timu ni -3 yenye odi ya 1.80 huku chaguo jingine la timu hiyohiyo ni -2.5 yenye 1.72, wanakuuzia ile 3 kwa bei yake.

Kikapu hakina namba za namna hiyo. Kina dakika mbili za mwisho. Timu iliyo nyuma kwa 6 inaanza kufanya faulo makusudi ili kusimamisha saa, mpinzani anapiga mitupo huru, na tofauti ya 6 inaweza kufika 11 bila mchezo kubadilika hata kidogo. Kinyume chake nacho kipo: timu iliyo mbele kwa 18 inawapumzisha mastaa, vijana wa benchi wanaingia, na 18 inakuwa 9 wakati wenzako wamezima televisheni. Anayefuatilia spredi ya NBA asihesabu ushindi wala hasara mpaka king'ora cha mwisho kilie.

Spredi imeleta pia aina yake ya wizi. Mchezaji aliyehongwa halazimiki kufungwa. Anatakiwa tu asishinde kwa tofauti kubwa, na dhamiri yake inaweza kumdanganya kwamba hajaisaliti timu. Kashfa ya mwaka 1951 iliyowahusu wachezaji wa City College of New York, waliokuwa mabingwa wa vyuo mwaka uliotangulia, ilikuwa ya namna hiyo. Ya Boston College, msimu wa 1978-79, vilevile.

Hatua ya 6: Fuatilia laini inavyosogea

Laini ni ile namba ya spredi, na haikai mahali pamoja. Inafunguliwa, pesa inaingia, habari za majeruhi zinatoka, inapanda au inashuka. Kuna wanaodhani ikisogea kuelekea timu fulani basi timu hiyo "imepangwa" kushinda. Hapana. Ni bei, na bei hufuata wanunuzi, hasa wale wachache ambao kampuni zinawaheshimu.

Mfano ambao wapokea madau wa Las Vegas hawajausahau ni Super Bowl ya Januari 1979. Pittsburgh Steelers walifunguliwa -3.5 dhidi ya Dallas Cowboys. Pesa ikamiminika kwa Steelers, laini ikapandishwa hadi -4.5, kisha pesa ikamiminika kwa Cowboys wenye +4.5. Steelers wakashinda 35-31. Tofauti: 4. Waliowahi Steelers kwa -3.5 walilipwa, waliochelewa wakachukua Cowboys kwa +4.5 nao walilipwa, na kampuni zikalipa huku na huku.

Kinachokuhusu wewe ni kwamba namba iliyoandikwa kwenye tiketi yako ndiyo yako, hata laini ikisogea baadaye. Kwa hiyo kabla ya kubonyeza, linganisha kampuni mbili tatu zenye leseni. Kukuta -5.5 hapa na -6.5 pale kwa mechi moja ni jambo la kawaida.

Kwa sisi wa Afrika Mashariki kuna mtego wa saa. Mechi nyingi za NBA zinazoanza saa moja jioni New York, kwetu huanza saa tisa usiku kuanzia Novemba mpaka mwanzoni mwa Machi. Mtu anaweka dau saa nne usiku, analala. Huko Marekani ni mchana, taarifa za majeruhi bado zinabadilika. Staa akitolewa kwenye orodha saa saba ya usiku wetu, laini inaruka pointi kadhaa, na wewe umeshikilia namba ya timu ambayo haipo tena. NFL ni nafuu kidogo: mechi za mapema za Jumapili huanza saa mbili usiku mwanzoni mwa msimu, na saa tatu usiku baada ya Wamarekani kurudisha saa nyuma mapema Novemba, na orodha ya wasiocheza hutolewa dakika 90 kabla.

Hatua ya 7: Usichanganye handikapu mbili za soka

Kwenye simu yako spredi inaitwa handikapu, na kwa soka zipo mbili zenye tabia tofauti kabisa.

Ya Kiulaya ina majibu matatu na huandikwa kama matokeo, mathalani 0:1. Maana yake ugenini wameanza na bao moja kibindoni. Tuseme Yanga wako nyumbani na umewachukua kwa 0:1. Wakishinda 2-0, umekula. Wakishinda 1-0, handikapu inasomeka 1:1, ni droo, na tiketi yako ya Yanga imechanika. Hakuna kurudishiwa.

Ya Kiasia ina majibu mawili. Yanga -1 wakishinda 1-0, dau linarudi. Ndani yake kuna robo, na hapa vichwa vingi huuma. Yanga -0.75 ni dau lako limegawanywa: nusu iko kwenye -0.5, nusu kwenye -1. Umeweka 1,000 kwa odi ya 1.90, Yanga wakashinda kwa bao moja: ile 500 ya kwanza inakuwa 950, ya pili inarudi 500, unapokea 1,450. Ikiwa -1.25 na wameshinda kwa bao moja, nusu iliyo kwenye -1 inarudi, nusu iliyo kwenye -1.5 imepotea, unabaki na 500. Ukiona namba inaishia na .25 au .75, igawe vipande viwili kwanza kwenye karatasi, kisha ndipo uamue.

Hatua ya 8: Iweke mbali na mkeka

Mkeka, yaani tiketi moja ya mechi kadhaa ambazo lazima zote ziingie, ukiwa na spredi nne za 1.91 unakupa odi ya 13.31. Inavutia. Lakini kama kila moja ni nusu kwa nusu, nafasi ya zote nne kuingia ni moja kati ya 16. Bei ya haki ni 16.00, wewe unalipwa 13.31. Kwenye tiketi ya mechi moja kampuni ilikuwa inabaki na kama shilingi 4.50 kwa kila mia. Kwenye mkeka huu inabaki na karibu 17. Ongeza mechi, na fungu lao linakua. Si ajabu matangazo mengi ni ya mikeka kuliko ya tiketi ya mechi moja.

Kosa lingine la jirani ni kuongeza dau ili kufidia lililopotea jana. Chagua kiasi ambacho kikipotea chote hakigusi kodi, ada wala chakula, na kila tiketi iwe sehemu ndogo na isiyobadilika ya kiasi hicho. Pesa ya mkopo wa simu haiingii humu kabisa. Aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kisheria, na ndugu zetu walioko Marekani wakumbuke kwamba tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu ya nchi hiyo wa Mei 2018 kila jimbo linajiamulia lenyewe, hivyo kinachoruhusiwa kwa jirani kinaweza kuwa marufuku kwenu.

Hatua ya 9: Anza kwa karatasi

Kabla ya kuweka shilingi, andika chaguo zako kwa mwezi mzima wa msimu kwenye daftari: tarehe, timu, namba uliyoiona, odi, namba ya mwisho kabla mechi haijaanza, na matokeo. Safu ya namba ya mwisho ndiyo muhimu kuliko ya matokeo. Ukichagua timu kwa -4.5 na laini ikafungwa -6, ulinunua kwa bei nzuri hata kama usiku huo ulichanika. Ukichagua -6 ikafungwa -4.5, ulinunua ghali hata kama ulikula. Matokeo ya mechi 30 yanaweza kumdanganya mtu yeyote, lakini safu hiyo inaonyesha mapema zaidi kama unaona kitu ambacho wengine hawajakiona.

Ikionyesha kwamba mara nyingi unanunua ghali, baki na daftari. Mechi zitaendelea kutazamika vilevile, na sasa utajua kwa nini mtu wa meza ya jirani anarusha mikono wakati timu yake iko mbele kwa 6 na kijana wa benchi amepewa mpira wa mwisho.